Mashine Pacha za Chapwa

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimedhalilishwa ndani ya fremu yangu mwenyewe ya gemu, na mashine yangu mwenyewe, mbele ya Eva.

Eva ni katibu wa vijana hapa Chapwa. Msichana akishika kalamu tu unajua umekwisha. Anatafuta chumba cha kuchezea Kombe la Chapwa, mashindano ya gemu ya mpira, timu kutoka mitaa yote ya Tunduma na mbili kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka. Vyumba vya gemu vyenye kompyuta za mezani hapa mtaani viko viwili. Changu. Na kile cha Lusajo, upande wa pili wa barabara. Mimi nisingekiita chumba, ila Eva anakiita hivyo.

Kacheza kwangu kidogo. Mpira ukifika golini, picha inakwama. Mshambuliaji anainua mguu, anawaza, halafu ndiyo anapiga. Nikamwambia Eva huo ndio uhalisia, hata washambuliaji wetu wa kweli huwaza hivyohivyo. Hakucheka. Kabonyeza kitu, namba ikatokea pembeni ya skrini: picha 58 kwa sekunde, na kwenye kona zinashuka hadi 30. Kaandika. Kavuka barabara. Karudi na namba ya Lusajo: 85, na haishuki.

Themanini na tano! Na mashine zetu ni pacha! Tulizinunua siku moja, zilitoka Dar kwenye sanduku moja, tukazipakia kwenye bajaji moja. Prosesa ileile. Kadi ya picha ileile. Mazabodi ileile, bodi kuu ya ndani. Yangu nimeibandika hadi taa za bluu nyuma na mbele. Ya Lusajo iko uchi, haina hata kava la pembeni, ukipita unaona utumbo.

Eva atapima mara ya mwisho Jumamosi, saa nne asubuhi. Chumba chenye mashine isiyokwama ndicho kitapewa Kombe.

Jioni kaka Boazi kapiga simu kutoka Hasamba. Kahawa imeiva, mikono haitoshi. Kanikumbusha makubaliano yetu: chumba cha gemu kisiposimama kabla ya mavuno, narudi shambani. Nikamweleza kuna shida ndogo tu ya CPU. Kauliza kama ni ile mashine ya kumenyea kahawa ya kikundi, maana nayo wanaiita CPU. Ndiye kaka niliyepewa.

Basi ni hivi. Kombe likija kwangu, vijana wote watanizoea mimi. Likienda kwa Lusajo, kesho yake niko kwenye miti ya kahawa na kikapu shingoni. Siendi Hasamba. Nimesema.

Jumanne, 3 Juni

Nimefanya upelelezi. Kazi safi kabisa.

Nimeazima koti la kung'aa la bodaboda na kofia yake ngumu, nikashusha kioo, nikaingia kwa Lusajo kama mteja. Nikaongea kwa sauti nzito, na maneno mawili matatu ya Kibemba, ili anione mtu wa Nakonde. Lusajo hakugeuka hata shingo. Kasema Kefa karibu, vua kofia, humu kuna joto.

Kasoro ni viatu. Niliingia na ndala zangu.

Sasa sikia kiburi cha mtu huyu. Nimekuja kumwibia siri, yeye kanivutia kiti na kunieleza yote bila kuulizwa! Ati prosesa zetu ni sawa, tofauti ni RAM. Prosesa ni fundi mwashi, RAM ni msaidizi anayempelekea matofali. Msaidizi akijikokota, fundi anasimama na mwiko mkononi, na gemu inakwama hapo. RAM yangu imeandikwa 3200 kwenye kibandiko chake, lakini inatembea kwa 2133 kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye BIOS, ile programu inayoamsha mazabodi, akaiwashia mwendo wake. Yeye kaiwasha. Tena yeye ana vijiti viwili vya RAM, kaviweka kwa kuruka tundu moja katikati, vinabeba kwa pamoja. Mimi nina kimoja.

Hapo kanichoma. Mashine yangu ilikuja na viwili. Kimoja nilikibadilisha na spika mwezi wa tatu. Spika kubwa, yenye besi. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo.

Kanishauri niingie kwenye BIOS niwashe mwendo, kazi ya dakika moja. Yaani adui yako akuelekeze mahali pa kubonyeza kwenye mashine yako, wewe ubonyeze? Huo ni ujinga wa kiwango cha juu.

Jambo moja tu nimelibeba la maana. Kasema hata yeye bado hajaweka BIOS mpya, ile ambayo ingemwongezea picha nyingine. Anaogopa umeme. Ukikatika katikati ya kuweka BIOS, bodi inakufa.

Mwoga. Nimeliweka akiba.

Jumatano, 4 Juni

Nimevuka Nakonde. Kama tatizo ni RAM, nitanunua RAM inayomzidi Lusajo. Yeye ana 3200, mimi nitakuwa na 3600. Mbona rahisi.

Pale mpakani nimemkuta dereva wa lori kutoka Dar analia na karatasi zake. Kakosa kugongewa mhuri upande wa pili kwa sababu alichanganya saa. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, jambo ambalo Tunduma hata kuku wanalijua. Nimecheka mpaka nimeshika ukuta. Mtu mzima, ana ndevu, ana lori la magurudumu ishirini na mbili, anashindwa na saa.

Muuzaji anaitwa Edson. Kavaa tai kwenye jua lile. Kanipokea kwa mwapoleni mukwai, salamu ya heshima ya Kibemba, kaniita bosi, kanionyesha kijiti cha RAM kinachowaka rangi saba. Kimeandikwa 3600. Tumebadilishana na spika yangu. Ndiyo, spika ileile. Kanipa neno lake kwamba kikinisumbua nimpigie atanibadilishia. Ili nimpate bila shida nimeweka laini ya Zambia kwenye simu, nikaitoa ya Tanzania kwa muda. Boazi naye apumzike kunipigia.

Nimerudi, nimefungua mashine, nimekichomeka kijiti kipya bega kwa bega na cha zamani. Kuruka tundu ni mambo ya Lusajo. Ndugu wanakaa karibu.

Nimewasha. Rangi saba ukutani! Chumba kimependeza kama harusi. Nimefungua gemu, nimetazama namba.

Picha 57.

Nimepoteza moja! Nimempigia Edson. Kasema kwa upole kwamba vijiti viwili vya mwendo tofauti vikikaa pamoja vyote hutembea kwa mwendo wa kile kizito, na kwamba mimi mukwai sikumuuliza. Nikamtaka anirudishie spika. Kasema imeshapata mtu.

Jumla ya siku: sina spika, sina picha moja, nina rangi saba.

Alhamisi, 5 Juni

Watu wa mtaa huu wamepatwa na haraka ya ajabu. Nimefungua fremu kwa wakati wangu wa kila siku, saa mbili kamili kwenye simu, nikawakuta vijana wawili wanaondoka wakinung'unika wamenisubiri sana. Wamenisubiri nini, nao ndio waliowahi? Jioni Mama Nesta, mwenye nyumba wangu, anayekaanga mihogo hapo mlangoni, kafunga bomba la maji saa moja kabla ya wakati wake. Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Kaendelea kugeuza mihogo yake.

Yote hayo si kitu. Leo nimepata akili kubwa.

Mchana limepita gari la matangazo. Kesho Ijumaa, kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, Chapwa haitakuwa na umeme, wanabadilisha nguzo. Watu wote wameguna. Mimi peke yangu nimetabasamu.

Mpango ni huu. Lusajo anakaa na spika za masikioni kutwa nzima, hasikii gari wala tarumbeta. Mimi nampelekea BIOS mpya kwenye flashi, namsifia, namshika mkono, namwambia aiweke kesho, saa nne kasoro dakika chache. Katikati ya kazi, umeme unakatika. Bodi inakufa. Mwisho wa Lusajo.

Na mimi? Mimi naweka yangu kesho saa tatu kamili, saa nzima kabla ya nguzo zao. Nakuwa na BIOS mpya, mashine inatembea, Jumamosi Eva anakuta chumba kimoja tu kilicho hai. Nimejikuta nacheka peke yangu. Mama Nesta kachungulia.

Nimevuka barabara jioni na flashi. Nimekuwa mtamu kuliko chai ya msibani. Nimemwambia Lusajo toleo hili jipya linaisoma RAM vizuri zaidi, linaondoa kukwama, nimesoma mwenyewe kwenye ukurasa wa watengenezaji. Yote ni kweli, ndicho kinachoumiza. Kauliza kuhusu umeme. Nimemwambia alale usingizi, kesho umeme utakuwa wa uhakika. Nimemsisitizia saa nne kasoro, kwamba ndio wakati mzuri. Kauliza mzuri kwa sababu gani. Nikasema kwa sababu asubuhi bodi inakuwa imepoa.

Kanishukuru kwa mikono miwili. Kasema hakujua mimi ni mtu wa namna hii.

Hajui bado.

Ijumaa, 6 Juni

Siandiki kwa furaha.

Nimeamka mapema, kwa hesabu ya simu. Nimepiga mswaki, nimevaa shati safi kwa heshima ya siku. Nje Mama Nesta alikuwa tayari kwenye karai la pili la mihogo. Haraka, haraka, sijui anakimbilia wapi.

Saa tatu kamili kwenye simu nimechomeka flashi nyingine yenye BIOS ileile na kuanza. Skrini imeniandikia nisizime mashine. Nani azime? Asilimia zikaanza kupanda. Kumi. Ishirini. Nikawa nachungulia dirishani kwa Lusajo, namhurumia kidogo. Arobaini. Arobaini na mbili.

Giza. Feni ikasimama. Rangi saba zikafa moja moja.

Nimetoka nje nikikimbia. Vijana wa nguzo walikuwa juu ya ngazi, wametulia kama wako kwao. Nimewauliza kwa ukali kwa nini wanawahi saa nzima, tangazo lilisema saa nne. Mmoja kaangalia saa ya mkononi, kasema kwa adabu kwamba ni saa nne na dakika mbili. Nimemwonyesha simu yangu. Kaitazama simu, kanitazama mimi, kapanda ngazi. Saa ya mtu anayening'inia nguzoni inatikiswa kutwa, itasema ukweli gani? Nchi hii kazi zote huchelewa, hii moja ya kuniua mimi ndiyo imewahi.

Nikajipa moyo. Angalau Lusajo naye sasa hawezi kuweka BIOS. Nikavuka ili nimfariji.

Lusajo alikuwa kaketi nje anakula mihogo. Kaniambia kwamba gari la matangazo la jana alilisikia vizuri sana, betri za spika zake za masikioni ziliisha wiki iliyopita, anazivaa ili watu wasimsemeshe. Kwa hiyo hakusubiri leo. Jana ileile, nilipotoka tu mlangoni, kaazima betri ya akiba kwa fundi simu, kaweka BIOS jioni. Imeingia bila shida. Mashine yake sasa ni picha 97, na kwenye kona hazishuki hata moja. Kanishukuru tena. Kanimegea muhogo.

Nimeula. Nilikuwa na njaa.

Umeme umerudi jioni. Nimewasha mashine. Feni inazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Nimesubiri. Nimeizima, nimeiwasha. Nimeipiga kofi dogo ubavuni. Nyeusi. Nimekaa sakafuni na roho imeniuma kwelikweli, maana nimeona kikapu cha kahawa kinanijia.

Lakini kesho Eva anakuja saa nne. Na mimi bado nina kichwa.

Jumamosi, 7 Juni

Nina ushahidi kwamba Eva alikusudia kunivizia. Saa nne ni saa nne. Simu yangu inaonyesha saa tatu, mimi niko na singilendi na bakuli la uji, yeye huyo mlangoni na kalamu, na nusu ya vijana wa Chapwa nyuma yake!

Mpango ulikuwa umeshaandaliwa lakini haujakaa sawa. Niliazima televisheni kwa Mama Nesta, nikaiweka mahali pa skrini. Nikachomeka flashi yenye video ya gemu ileile ya mpira, niliyoishusha usiku, mtu fulani mwenye mashine ya maana akicheza. Kazi yangu ni kushika padi na kubonyezabonyeza. Eva anatazama, anaona picha laini, anaandika, anaondoka. Nani atajua?

Mwanzo ulikuwa mtamu. Picha zinateleza kama mafuta. Vijana wakaguna kwa heshima. Nikawa naegemea kulia mchezaji akikata kulia, naegemea kushoto akikata kushoto. Nikauma ulimi kama wanavyofanya wachezaji wazuri. Nikamwona Lusajo pale mlangoni, mdomo wazi.

Kosa ni la uji. Ulikuwa unapoa. Nimeweka padi mezani, nikachukua bakuli, nikapiga mafunda mawili.

Eva kasema taratibu, bila kuinua kichwa kwenye daftari, "Kaka Kefa, padi iko mezani na wewe umefunga goli."

Nimegeuka. Kweli, timu yangu inashangilia. Nikasema hiyo ni kasi ya RAM mpya, inamalizia yenyewe. Hapo video ikafika mwisho, na yule jamaa mwenye mashine akatokea uso mzima kwenye televisheni ya Mama Nesta, akawashukuru watazamaji wote.

Kicheko kile sitakieleza. Mpaka Mama Nesta, na televisheni ni yake.

Eva kavuka kwa Lusajo na kundi lote. Kapima. Kaandika. Kombe la Chapwa linachezwa kwa Lusajo. Na Lusajo, badala ya kufurahi kimyakimya kama mtu mstaarabu, kasimama kwenye kiti kuongea. Kasema, "Jamani, hizi picha tisini na saba msinipigie makofi mimi. Huyu Kefa ndiye aliyeniletea BIOS mpya kwa mkono wake. Mpigieni yeye."

Wamepiga makofi. Nimelazimika kuinua mkono. Katika maisha yangu sijawahi kutukanwa hivyo.

Baadaye wakanifuata wote wawili, yeye na Eva. Ati mechi ni nyingi, mashine moja haitatosha, yangu ikiamka makundi mawili yatachezewa kwangu na jina la chumba changu litaandikwa kwenye karatasi ya ratiba. Na Lusajo kasema inaamka. Nyuma ya mazabodi zetu kuna kitufe kidogo. Unachomeka flashi yenye BIOS kwenye tundu lililo karibu nacho, unabonyeza, taa inapepesa dakika chache, bodi iliyokufa inafufuka. Kaniambia kwangu kitakuwa kimefunikwa na zile taa za bluu, nizibandue tu.

Kumbe ndio walivyonipangia. Wiki nzima ninaumia, sasa nibandue taa zangu nibonyeze kitufe cha siri cha mtu aliyeninyang'anya Kombe? Mimi niliyemtega yeye kwa flashi, yeye anitege kwa flashi? Nimewaambia asanteni, nina shughuli za familia Hasamba.

Jumapili, 8 Juni

Nimeingia kanisani baraka za mwisho zinatolewa. Watu wamegeuka kunitazama. Nimewatazama na wao. Mchungaji kawahisha ibada, lawama kwangu.

Mchana Mama Nesta kanishika mkono hapo kwenye karai. Kauliza naishi nchi gani. Nikasema swali gani hilo. Kasema, "Mwanangu, simu yako iko Zambia tangu Jumatano."

Laini ya Edson! Imekuwa ikisoma mnara wa ng'ambo, na saa ya ng'ambo. Kwa hiyo Ijumaa ile... Basi. Nimeelewa. Kosa ni la Edson, nitamkumbuka.

Mama Nesta kasema nitoe tu ile laini nirudishe ya kwetu, simu itajirudi yenyewe kwenye saa yetu. Itajirudi yenyewe! Maneno ya mtu wa mihogo. Vitu havijirudi vyenyewe, ndiyo maana kuna mafundi. Nimetoa laini ya Zambia, nimerudisha ya Tanzania, nimeizima simu na kuiwasha, halafu kwa mkono wangu mwenyewe nikasogeza saa mbele kwa saa moja kamili. Sikuhangaika kutazama ilikuwa inasoma ngapi, hesabu ni hesabu. Nimefanya vyote viwili kwa uhakika. Sasa hakuna wa kunichezea.

Mama Nesta pia kanipa flashi. Lusajo kaiacha kwake, ina ile BIOS ndani, kasema nikibadili mawazo nichomeke tu nibonyeze, na kama naogopa atakuja kunishikia tochi. Anishikie tochi! Nimeichomeka kwenye redio ya Mama Nesta kuona kama inafaa. Flashi nzuri, kubwa. Nikapita kwa yule fundi simu, nikamwambia afute takataka zote anijazie kwaya za safari. Nyimbo arobaini zimeingia. Lusajo ananilipa bila kujua.

Boazi kapiga. Usiku huu analeta mahindi Tunduma, anashusha, analala kwenye pikapu, na kesho atanipitia hapa barabarani saa moja asubuhi kamili. Kasema nisimcheleweshe, kahawa haingoji. Nimemwambia aniulize mimi habari za kuchelewa.

Mashine nimeifunga kwenye kiroba. Rangi saba nimeziacha nje kidogo zionekane.

Jumatatu, 9 Juni

Naandikia barabarani, juu ya kiroba, kwa mwanga wa simu. Baridi ya Juni inakata masikio.

Nimefika saa moja kasoro, kwa saa iliyonyooka safari hii. Saa moja imefika. Boazi hayupo. Barabara tupu, malori yamelala, Mama Nesta hajawasha hata moto. Wiki nzima alinisumbua na haraka zake, leo ndiyo anakoroma!

Kwa Lusajo kumefungwa. Bingwa wa Chapwa, mwenye Kombe, saa moja asubuhi bado yuko kitandani. Ningekuwa mimi, mlango ungekuwa wazi na feni inazunguka. Eva angeona tofauti. Nimemwandikia ujumbe hivi punde kumweleza uzembe huo, na saa niliyouona. Hajajibu. Naye amelala.

Nimefikiria pia habari ya kuchuma kahawa. Hasamba wanachuma kwa kikapu kimoja, ndiyo maana mikono haitoshi. Mimi nitafunga vikapu viwili, bega kwa bega, kijana mwepesi na mzee mzito kwenye mti mmoja. Boazi ataona kazi. Mwezi mmoja, nakuwa msimamizi, nanunua prosesa nyingine, narudi Chapwa, na safari hii Lusajo nitampa ushauri ambao hatausahau.

Simu inasoma saa moja na robo. Boazi, mtu aliyeniambia nisimcheleweshe! Nimempigia mara tatu, ya tatu kapokea na sauti ya usingizi, kauliza nina wazimu gani kumwamsha saa hizi. Wazimu! Kakaa Hasamba miaka yote na hajui kusoma saa. Nimemwambia kwa utulivu kwamba mimi niko barabarani tangu saa moja kasoro, kwamba wenye akili huamka na jua.

Nimetazama mashariki ili nimwonyeshe kwa mfano. Giza totoro. Hata nyota hazijaondoka.

Hata jua la mkoa huu linachelewa kazini.